Shamba Langu Katikati ya Ruvubu

Juzi sokoni Gitega, mama mmoja wa Nyarusange alinikunjulia mkeka wa mafunjo ambayo hayajakauka vizuri. Ile harufu ya majani mabichi na tope la mto ilinishika miguu. Nimehamahama sana, ndugu msomaji, lakini harufu hiyo hunirudisha mahali pamoja tu: kisiwani, katikati ya mto Ruvubu.

Tulikuwa tumerudi kwetu Mwakiro kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, tukilala chini ya turubai kando ya nyumba ya baba mkubwa, kaka yake baba. Shamba lote la babu alililima yeye. Baba aliomba sehemu ya kujenga. Kaka yake hakusema ndiyo wala hapana. Walisalimiana asubuhi, basi.

Jumapili moja baba mkubwa akasema, "Twende tuonyeshe mutoto kisiwa."

Alipiga kasia mwenyewe. Mtumbwi ulipenya mafunjo yaliyotuzidi kimo, viboko wakipumua karibu, nami nimeng'ang'ania shati la baba. Kisiwani mikindu iliinamia maji, na ndege weupe waliruka tulipokanyaga mchanga. Nilipanda miamba, nikateleza, nikachana gauni, nikapanda tena. Wao walikaa mbalimbali, kibuyu cha pombe ya ndizi katikati yao, hakuna aliyekigusa.

Kambini mchezo wetu mkubwa ulikuwa kupima viwanja. Nikavunja matete, nikayachomeka mchangani, nikatangaza: "Hapa kwangu! Nimefika wa kwanza!"

Baba aliinuka kunikemea, lakini kaka yake akamzuia kwa mkono.

"We mutoto," akaniuliza kwa Kiswahili chake cha soko la Kobero, "shamba yako iko na mupaka wapi?"

"Mpaka kwa viboko!"

"Basi viboko watakushitaki kwa shefu wa kilima, ule anaamua kesi ya mashamba. Na mvua ikikuja, mto itakufukuza."

"Nitarudi maji yakipungua."

Baba mkubwa akatumbukiza mirija miwili kibuyuni, mmoja akamgeuzia baba. Kwetu hunywi kibuyu kimoja na mtu uliyemfungia moyo.

"Kunywa, mudogo yangu. Utajenga pale kwa migomba ya mama yetu."

Baba alikunywa huku machozi yakimtoka. Nilidhani pombe ni kali.

Ukubwani ndipo nilipoelewa kwa nini baba mkubwa alituvusha, na namshukuru hadi leo. Nyumbani kila neno lilikanyaga mpaka. Kile kisiwa mto hukimeza kila masika. Hakuna aliyewahi kukirithi. Hapo tu ndugu wawili waliweza kuketi bila mmoja kuwa mgeni wa mwenzake.