Mpishi Aliyenyongwa Badala ya Daktari

Dorcas Pinnock alimpikia Bi Averil Stroud miaka kumi na tisa, katika mji wetu mdogo wa Kent. Bi Averil alitunga hadithi za upelelezi, na Dorcas, huku akimenya viazi, alimwambia sumu gani ingejificha kwenye chakula gani. Bi Averil alipotaka kumwingiza kitabuni, pamoja na mguu wake wa kuchechemea na tabia yake ya kuonja maziwa kwa kidole, alimwomba ruhusa kwanza. Mpishi wa kitabuni ndiye aliyegundua sumu. Dorcas alitembea na kitabu hicho kikapuni mpaka jalada likachakaa, na nani angemlaumu? Mume hana, mtoto hana. Jina jema ndilo mali yake.

Mwaka 1932 studio moja ya London ikataka kukifanya filamu. Kitabuni muuaji alikuwa daktari. Lakini daktari alichezwa na kijana mtanashati, kipenzi cha wanawake wa nchi nzima, na wakubwa wa studio wakasema kipenzi cha watu hanyongwi. Basi anyongwe mpishi. Bi Averil alikubali, tena kurasa mpya aliziandika kwa mkono wake. Dorcas hakuambiwa neno.

Jumamosi mchana tulijaa sinemani. Mimi, dobi wa nyumba ya Bi Averil, nilikaa nyuma yake na Dorcas. Mpishi alipotokea akichechemea, watu walimpigia Dorcas makofi. Baadaye wakamwona akitia sumu kwenye maziwa. Mwishoni ulipopigwa wimbo wa mfalme tulisimama wote kama ilivyo desturi, na watu wakamgeukia Dorcas badala ya kutazama mbele. Nilitamani kumpiga mtu.

Mlangoni mke wa muuza nyama akamwambia, "Dorcas mwenzangu, chai yako sasa nitainywa paka akishaionja." Wakacheka. Bi Averil naye akatabasamu, na hilo sitamsamehe.

Njiani alimshika mkono. "Usijisumbue, Dorcas. Yule si wewe, ni mtu wa kubuni tu."

"Alipokuwa mwema, bibie, ulisema ni mimi."

Bi Averil akasema wangezungumza nyumbani. Dorcas hakwenda. Aliniomba pa kulala, nikampa.

Tulifua pamoja miaka sita. Aliomba kazi ya upishi katika nyumba kumi na moja za mji ule. Wote walimjibu kwa adabu, na hakuna aliyemruhusu kuingia jikoni.