Vidonge vya Mwanne, Mshona Kofia

Wifi yangu Mwanne alikuwa akishona kofia, tena si kofia za kubahatisha. Miaka ile ya Ujamaa, mwanamume wa Tabora aliyetaka kuonekana mtu siku ya Idi alikuja hapa Gongoni, akakaa kwenye baraza ya mdogo wangu Shaban, mumewe Mwanne, akabembeleza apewe zamu. Vitobo vya Mwanne vilikuwa vidogo, vimezungushiwa uzi sawasawa. Na mdomo wake je! Alishona huku anawasema wapita njia, sisi tunacheka mpaka chai inapoa.

Kisha akanyamaza. Hakufiwa, hakugombana na mtu, hakuachwa. Alilala akaelekea ukutani, basi. Chakula anakirudisha, wanawe wanamwita haitiki. Mtaa ukaanza kutafuta sababu kama unatafuta kuku aliyepotea. Huyu anasema pepo, yule anasema kijicho cha washonaji wenzake. Maalim Mabruki, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, akamwandikia kombe, aya kwa zafarani zikaoshwa kwa maji. Mwanne akalinywa kwa adabu, akageukia tena ukuta wake.

Asubuhi moja nilikuwa namchana nywele, akaniambia taratibu kabisa, "Wifi, mimi nimechoka kuwa hai."

Weee! Kitana kilinidondoka. Sikumuuliza Shaban, sikumuuliza mtu. Nilimvika buibui, nikamshika mkono, tukaenda hospitali ya serikali kwa miguu.

Tulimkuta mganga anaitwa Bwana Eustace. Alimsikiliza Mwanne mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo sisi nyumbani hatukulifanya. Akasema huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, si pepo wala uvivu, na dawa yake ipo. Amitriptilini. Jina refu kama treni ya Kigoma! Akatueleza bila kuficha: mdomo utakauka, choo kitakuwa kigumu, atasinzia, na vitu vya karibu anaweza kuviona kwa ukungu. Nafuu itakawia wiki kadhaa, maudhi yatatangulia.

"Na kopo hili, mama," akaninyooshea mimi, "likae kwako. Akimeza vingi kwa mara moja vitamuua. Mpe anapokwenda kulala, na umwone akimeza."

Nikalifunga kwenye pindo la khanga, na tangu siku hiyo likawa halitoki mwilini mwangu.

Mtaa ukachachamaa. Eti vidonge vya vichaa! Eti kesho mtasikia kapelekwa Dodoma kwa wendawazimu! Mussa, rafiki yake Shaban wa kucheza bao, akatoa kubwa kuliko yote: mwanamke anayesinzia mchana kalewa, na ulevi ni haramu. Shaban akaanza kusitasita. Mimi nikajitanda khanga, huyo kwa Maalim Mabruki.

Maalim akauliza, "Anameza ili alewe, au ili apone?"

"Apone, Maalim."

"Basi ni dawa. Na huyo Mussa mwambie aje kwangu. Habari za ulevi anazijua vizuri, tutazungumza."

Mussa hakwenda, thubutu!

Wiki za mwanzo zilikuwa mbaya kweli. Mwanne alitembea na kikombe cha maji mkononi, ulimi umemgandia. Alipojaribu kushona, uzi ulipita pembeni ya tundu la sindano, mara hii, mara ile, akaitupa kofia chini. Nikamwambia avumilie, ingawa mwenyewe nilikuwa nimeanza kuogopa. Halafu siku moja tumekaa barazani, Mussa akapita, na Mwanne akafungua mdomo: "Kanzu ile ameilalia yeye au imelaliwa na ng'ombe?" Nililia machozi ya furaha. Wifi yangu alikuwa amerudi.

Hapo ndipo Shaban alipoharibu. Sisi hapa ugonjwa tunaufunga kwa karamu. Mgonjwa akiinuka unachinja, unasomesha maulidi, unalisha watu, na dawa inaishia hapo. Ukimeza tena baada ya sadaka ya shukrani, ni kama umemwambia Mungu huamini alichokupa. Shaban akachinja mbuzi. Watu wakala, wakaomba dua, wakaenda zao. Nilipompelekea Mwanne kidonge chake, akakisukuma kwa mkono.

"Tumeshashukuru, wifi. Nitamezaje tena?"

Nikabembeleza, nikafoka, wapi! Shaban akaniambia, "Dada, kapona. Muache."

Haukupita muda mrefu, Mwanne akageukia ukuta. Safari hii ilikuwa mbaya zaidi. Nilipoingia kumpa uji akaniuliza, bila kunitazama, "Wifi, lile kopo bado unalo?"

Kwa mtu mwingine lingekuwa swali jema. Mimi nilimwona uso. Hakutaka kimoja, alivitaka vyote. Nililishika pindo langu kwa mikono miwili, nikatoka nikamwita Shaban kwa sauti ambayo nadhani hata stesheni waliisikia.

Tulikwenda wote watatu kwa Bwana Eustace. Hakutugombeza. Alisema dawa hii haiachwi kwa sababu mtu kacheka. Inaendelea miezi mingi baada ya nafuu, na siku ya kuiacha ikifika ataipunguza yeye mwenyewe kidogo kidogo. Shaban akanuna njia nzima. Tulipofika nyumbani akalipuka.

"Na macho je? Mshona kofia asiyeona sindano ni nini? Watu wananicheka, dada! Akirudia vile vidonge, arudi kwao Nzega."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpashe, lakini Mwanne alinitangulia. Alisimama, ameshika ukuta.

"Nitameza, Shaban. Ukitaka kuandika talaka andika, na nitavimezea vidonge vyangu hukohuko Nzega. Mimi nataka kuishi. Sindano sizioni? Haya, nitungie wewe."

Ebo! Amwambie hivyo fundi wa mabati, mwanamume mwenye vidole kama koleo! Shaban akamtazama, akachukua kofia yake, akatoka. Nilidhani amekwenda kutafuta karatasi ya talaka. Nikampa Mwanne kidonge, nikamwangalia akimeza.

Kesho yake baada ya alasiri, saa ambayo wanaume wote wa mtaa wamekaa nje, Shaban akaja barazani na kibunda cha sindano na uzi mweupe. Akaketi palepale penye bao. Akalowesha uzi kwa ulimi, akakosa. Akakosa tena, akajichoma, akanyonya kidole. Wenzake walicheka mpaka kete zikamwagika. Jasho lilimtoka kuliko siku ya kupiga bati juani, lakini hakuinuka. Kila sindano iliyokubali aliichomeka kwenye kimto, na kimto kilipojaa akampelekea mkewe ndani. Mwanne akaanza kushona, vitobo vikubwa kidogo kuliko vya zamani. Nilisimama mlangoni nikalia bila haya, maana mdogo wangu nilikuwa nimeshamkatia tamaa.

Alifanya hivyo siku zote. Kiangazi kikaisha, mvua zikaja, Mwanne akaanza tena kuwasema wapita njia. Jioni moja Mussa akaja akasimama mbele ya baraza, mikono kiunoni.

"Naona mkeo kainuka tena, bwana. Tunachinja lini?"

Ndani, sauti ya Mwanne ilikatika katikati ya maneno. Nami nikamtazama Shaban.

Shaban hakuinua kichwa. Alilowesha uzi, akaulenga kwenye tundu.

"Hatuchinji. Mke wangu bado anakula dawa. Hebu sogea, Mussa, unanizibia mwanga."