Harufu ya Kongoro

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kizingiti changu kinanijua kuliko ndugu zangu. Tangu mke wangu afariki na watoto wahamie Mwanza, hapa Tarime nimebaki na jiko la kuni, redio, na dawa ya sukari ambayo nimeimeza miaka mingi bila kuruka.

Jioni moja ya baridi nilikuwa nimekaa jikoni, miguu nimeisogeza motoni, ikaja harufu ya kwato zinazobabuliwa. Nikajua tu: jirani kachinja, anababua kongoro za supu. Kwetu moshi wa kongoro ndio mwaliko wenyewe. Hakuna anayetumwa kukuita. Lakini nikajiambia, safari hii waje waniite. Nikanuna. Nikanuna vizuri kabisa, mpaka nilipotazama chini. Kandambili imeyeyuka, na kinachobabuka ni kisigino changu. Wala sikuwa nasikia kitu.

Kesho yake jirani, mama mmoja asiye na simile, alinisindikiza hadi kwenye bodaboda, kisa chote nimeshamsimulia.

"Tata, ungesema tu unataka supu. Ndiyo ujipike mwenyewe?"

"Nilitaka kujua kama nimenona."

Kwenye kituo cha afya nesi, binti aliyehamishiwa kwetu kutoka Lindi, alifunga kidonda, kisha akanigusagusa vidole vya miguu kwa uzi mgumu.

"Babu, hapa unasikia?"

"Nasikia unavyoniuliza."

Hakucheka. Alisema mguu wenye ganzi hupata kidonda mwenyewe asijue, na vidonda hivyo ndivyo vinavyofanya watu wakatwe miguu. Hapo utani ukaniisha. Choo changu kiko nyuma ya nyumba. Nani atanipeleka?

Akauliza ninakula nini. Ugali na mchicha, nikasema. Nani anapika nyama ya mtu mmoja?

"Na maziwa?"

"Ng'ombe sina. Maziwa nakunywa nikienda kwa watu."

"Unaenda lini?"

"Nina shughuli nyingi."

"Shughuli gani, babu?"

Kukaa.

Akanieleza polepole. Ganzi inaweza kuletwa na sukari yenyewe, lakini hata dawa yangu, ikitumika muda mrefu, inaweza kupunguza vitamini B12, ile inayotunza mishipa ya fahamu. Nayo hupatikana kwenye nyama, maini, samaki, mayai na maziwa, yaani vitu vyote vilivyo kwa majirani. Damu ikapelekwa mjini kupimwa. Majibu yakarudi: B12 iko chini sana. Daktari akaniandikia sindano, akanionya nisije nikaacha dawa ya sukari kwa akili zangu.

"Ganzi itaisha?" nikamuuliza nesi.

"Huenda. Tusubiri, babu."

Nikasubiri. Kusubiri nyumbani ndiyo kazi ninayoiweza. Kisigino kilipona, sindano ziliendelea, vidole vikabaki kama vya mtu mwingine.

Juzi, nikitoka kumwaga maji, nilijikwaa kwenye kizingiti. Kidole gumba kikauma. Kikauma kweli!

"Aiii!"

Redio ikaendelea na mambo yake. Hakuna aliyeuliza kuna nini. Nikasimama pale nimekishika kidole, nafurahi peke yangu, kisha nikapiga kelele tena, kwa nguvu zaidi, maana upepo ulikuwa unavuma kuelekea kwa jirani.