Kochi la Watu

Leo dukani harufu ya nailoni mpya ya kochi imenirudisha utotoni. Tulipovuka mpaka kutoka nchi jirani na kuhamia Dodoma, tulipanga nyumba mtaa wa Miyuji yenye vitu vyote ndani, makochi yakiwa bado na nailoni iliyonata mapajani mwetu. Mchana mmoja baba alimpiga mama ngumi ya mdomo. Mama akaangukia kochi, damu ikatiririka juu ya nailoni.

“Inuka! Unachafua kochi la watu!” baba akafoka, akamburuta kwa nywele hadi sakafuni.

Nikaleta tambara. Mama akafuta kochi kwanza, mdomo baadaye.

Kesho yake mwenye nyumba akaja kukagua vitu vyake. Akapapasa kila kochi, kisha akautazama mdomo wa mama uliovimba.

“Hongera, mama,” akasema. “Hakuna kilichoharibika.”