Pembeni Kabisa mwa Picha

Mama Mkubwa wangu ni fundi cherehani, lakini ukitaka kumjua usianze na cherehani yake, anza na mdomo wake. Hakuna jambo lililowahi kumpata likawa dogo. Akikutana na panya dukani asubuhi, ukifika wewe jioni panya ameshaota masharubu na anadai kodi. Akisema foleni ilikuwa ndefu, ujue alikuwa yeye na watu wawili. Tunampenda hivyo hivyo, na hadithi zake tunazipunguza kimoyomoyo kama yeye anavyopunguza suruali.

Ndiyo maana aliposema yumo ndani ya filamu, hakuna aliyemwamini.

Alivyosimulia yeye, wapiga filamu walikuja mtaani kwao, wakamkuta anashona mbele ya duka, wakampenda. Wakamwambia, mama, wewe endelea tu na kazi yako, mwigizaji mkuu atakuwa anapita hapa. Basi akashinda siku nzima na kitambaa kimoja cha buluu, anashona, anafumua, anashona tena. Wapiga filamu wakaondoka na filamu yao, miaka ikapita, na hakuna aliyeiona popote.

Shangazi, dada yake Baba Mkubwa, akapata burudani ya bure. Kila shughuli ya ukoo ilikuwa, "Mwigizaji, hebu nisogezee sahani," na "Jamani mpisheni mwigizaji." Mama Mkubwa alikuwa akisogeza sahani huku anacheka, lakini niliona kicheko kinavyozidi kupungua. Kuambiwa anatia chumvi hakumsumbui hata kidogo. Kuitwa mwongo mbele ya watu kulikuwa kunamuuma, na mimi kulinitia hasira mpaka masikio yakawasha.

Mtetezi alikuwa mmoja tu, Baba Mkubwa. "Mke wangu akisema yumo, yumo." Ukimuuliza amejuaje, anajifunika gazeti. Maana yeye siku ile hakuwepo. Alishatangaza mapema kwamba mwanamume mzima hawezi kwenda kusimama juani kumtazama mke wake akishona, wakati humwona akishona kila siku ya Mungu, na isitoshe alikuwa na kazi ya kumhamishia dada yake makabati. Ni mtu wa msimamo, Baba Mkubwa. Ana shati moja la mistari ambalo Mama Mkubwa alilikosea, akaweka mfuko upande wa kulia. Mama Mkubwa amemwomba mara ngapi amrekebishie, mzee hataki. Analivaa hivyo hivyo, kalamu upande wa kulia, na ole wako ucheke.

Sasa, filamu ile ikajitokeza kwenye programu moja ya kutazama filamu kwa intaneti. Niliiona mimi, nikapiga yowe kwenye duka langu la picha, mteja wangu akadhani amekufa mtu. Jumapili mchana sebule ya Mama Mkubwa ikajaa. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa gauni jipya, kana kwamba wale wa kwenye filamu nao watamwona. Shangazi alikaa kiti cha mbele, simu mkononi, amewapigia wenzake wa kikundi chao cha akina mama kwa video ili nao washuhudie aibu moja kwa moja.

Filamu ikaanza. Mtaa ukatokea, duka likatokea, mwigizaji mkuu akapita. Halafu akaingia kwenye gari na mtaa ukaisha.

Mama Mkubwa hakuonekana.

Kisha Shangazi akaiambia simu yake, "Mmeona? Mimi nimeona mwigizaji mmoja tu, tena ana ndevu."

"Irudishe," Mama Mkubwa akasema.

Nikairudisha. Safari hii niliona kitu pembeni kabisa, upande wa kushoto: kipande cha kitambaa cha buluu, kinasogea chenyewe kidogo kidogo.

"Kitambaa changu kile!"

"Wifi, kinashonwa na upepo?" Shangazi akauliza, na kikundi kizima kikacheka ndani ya simu.

Hapo ndipo akili yangu ilipoamka, maana mimi riziki yangu ni picha za pasipoti. Kila siku nagombana na watu wanaoniletea picha pana wanataka iingie kwenye kiboksi kisicho saizi yake. Ukiilazimisha, ama utamkata mtu masikio, ama utambana awe na uso wa kijiko. Nikaitazama tivii ya Baba Mkubwa kana kwamba ndiyo kwanza naiona. Katika nyumba hii, miaka yote, watu wa kwenye filamu walikuwa na sikio moja moja. Wakizungumza wawili, tuliona pua mbili zikisalimiana. Maneno ya tafsiri chini yalikosa herufi za mwanzo, nasi tukawa tunabahatisha. Hakuna aliyewahi kuuliza!

"Baba Mkubwa, hii tivii umeiweka kwenye Kuza?"

"Tangu ilipotoka kwenye boksi," akajibu kwa fahari. "Ilikuwa inaniwekea mistari myeusi juu na chini. Mimi nilinunua tivii nzima, sikununua tivii yenye kope."

"Basi umemkata mke wako."

Nikamweleza mbio mbio, huku nimeshika rimoti kama askari. Filamu ile ilipigwa pana sana kuliko umbo la tivii. Ile mistari myeusi haijala picha. Ni nafasi iliyobaki tu, picha nzima iko katikati. Ukibonyeza Kuza ili mistari iondoke, picha inavimba mpaka ijaze juu na chini, na ncha za kushoto na kulia zinamwagika nje.

Mama Mkubwa akaruka kutoka kwenye kochi. "Yaani kitambaa ni kipana kuliko meza, na huyu mzee anakata pembeni ili meza yake ionekane imejaa!"

"Ndiyo!"

"Miaka yote hii!"

"Mimi nilijua nanyoosha," Baba Mkubwa akasema kwa unyonge.

Nikabonyeza Asili. Mistari myeusi ikarudi, picha ikapungua kimo, na kule kushoto mtaa ukafunguka. Palikuwa na kitu kimekaa nyuma ya kile kitambaa cha buluu! Watoto wakapiga kelele, mimi nikapiga kelele, hata sijui nilisema nini. Tatizo lilikuwa moja: picha ilikuwa na ukungu kama kioo cha bafuni.

"Hilo linaweza kuwa gunia," Shangazi akasema, ila sasa alikuwa amesogeza kiti karibu.

"Shangazi, kata simu."

"Nikate nini?"

"Intaneti ya nyumba hii ni moja. Picha imeundwa kwa vidoti. Vikiwa vingi unaona mpaka kifungo, vikiwa vichache unaona gunia. Wewe umetumia njia yote kurusha video kwa wenzako, kwa hiyo filamu inaletewa vidoti vya kubahatisha."

"Simu yangu imewahi kumdhuru nani?"

"Dada," Baba Mkubwa akasema, na hakuwa na gazeti. "Kata."

Akakata. Nikazima na simu za watoto wote, kwa nguvu ilipobidi, nikaweka mwonekano wa juu kabisa. Kiduara kikazunguka, na sote tukakitazama kama tunakisukuma kwa macho. Kisha ukungu ukaondoka, na pembeni kabisa mwa picha, futi ya kupimia shingoni, ulimi nje kidogo kama anavyofanya akishona kona ngumu, akakaa Mama Mkubwa wangu.

Loo! Kochi liliruka. Mimi nilijikuta nimemkumbatia Shangazi, jambo ambalo sote wawili tulilisitisha haraka. Na Shangazi, nampa haki yake, alisimama, akafunga kanga vizuri, akasema, "Wifi, umo. Nisamehe." Akaanza kutafuta namba za kikundi awapigie tena.

Mwenye filamu yake ndiye ambaye hakuwa anashangilia. Alikuwa ameinamia tivii, pua inakaribia kugusa kioo.

"Usiisogeze. Yule nyuma yangu ni nani?"

Nyuma yake palikuwa na nguzo ya umeme, na nyuma ya nguzo mwanamume aliyejificha vibaya, tumbo limetokeza upande huu na chupa ya chai imetokeza upande ule. Uso haukuonekana. Lilionekana shati la mistari, na kwenye shati hilo, upande wa kulia, mfuko.

Sebule nzima ikageuka. Baba Mkubwa alikuwa anatafuta gazeti.

"Si uliniambia unakwenda kubeba makabati?" Mama Mkubwa akauliza taratibu.

"Makabati gani?" Shangazi akaruka. "Aliniambia tumbo linamkata! Nilibeba makabati mimi na mlinzi!"

Tulicheka mpaka mtoto mmoja akaanguka kutoka kwenye mkono wa kochi. Wifi hao wawili huzungumza kila siku tangu wajuane, na hawakuwahi kuulizana hilo. Baba Mkubwa alisubiri kicheko kipungue.

"Nilikuletea chai," akasema, akiwa analitazama zulia. "Nilijua hawatakupa kitu. Wakanizuia nisivuke. Nikabaki pale, nikakutazama mpaka mkamaliza."

"Na chai?"

"Ilipoa. Niliona haya kukwambia."

Mama Mkubwa akajifuta macho kwa ncha ya gauni jipya. Baba Mkubwa akainuka akaenda jikoni, tukasikia sufuria. Aliporudi alikuwa na kikombe kinachofuka moshi, akampa mkewe kwa mikono miwili.

"Shika," akasema. "Imechelewa kidogo."