Quai Yetu ya Udongo, Pembeni mwa Barabara

Juzi nilipita mbele ya kanisa hapa Kirotshe, nikakuta mafundi wanapima kimo cha mlango kabla ya kumwaga simenti ya njia ya mteremko, ya wazee wasioweza ngazi. Mmoja aliweka kiganja ukutani, akarudi nyuma, akakunja uso. Rafiki, nilisimama pale mpaka aibu ikanishika, maana kaka yangu alikuwa anapima vilevile.

Wakati ule tulikaa na Tate, mama ya Papa yetu, kwenye mlima wa Masisi. Mimi nilikuwa na miaka tisa, kaka kumi na tano. Mguu wake mmoja ulikauka tangu utotoni, akatembea kwa mkongojo. Alikuwa na kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, chenye picha za treni za nchi nyingi. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona treni. Lakini yeye hakuangalia sana treni; aliangalia lile jukwaa watu wanapopandia, ambalo kitabu kinaliita quai.

Jioni, tukitoka kupalilia maharagi, Tate akitwanga sombe, majani ya muhogo, sisi tulijenga. Treni zilikuwa vipande vya mgomba vyenye magurudumu ya vifuniko vya chupa. Ya Japani, mlango uko sawa na quai, muntu anaingia kama anaingia kwake. Ya Uswisi iko chini. Ya kwetu, ile ya Katanga, ilikuwa na ngazi ya vyuma, na kaka aliijengea quai ya juu kuliko zote. Abiria wetu alikuwa gunzi la muhindi lenye mguu mmoja wa kijiti. Tulimsukuma kwa kidole: akivuka bila kuinuliwa, quai imefaulu. Akianguka, tunabomoa.

Jirani yetu, Papa mmoja wa Butembo aliyepakia viazi na lori lake, kamyo, alikuwa anapita akicheka.

"Ee, injinia! Treni itapita wapi, mu maharagi ya Tate?"

"Papa, wewe leta treni tu. Quai njo hii," kaka akasema.

"Na ikanyage jani moja," Tate alijibu toka jikoni, "mutaniona!"

Kilichomuuma kaka ni siku ya soko. Wanaume walimshika kwapani, wakamrusha kwenye kamyo, juu ya viazi. "Banatupa mimi sawa mufuko," aliniambia. Basi tukaacha za kuchezea, tukajenga ya kweli pembeni mwa barabara: mawe, udongo, majivu, tukikanyaga kwa miguu miezi miwili. Kimo cha kamyo alikipima mwenyewe kwa mkongojo. Siku ya kwanza alipiga hatua moja, akawa ndani. Hakucheka. Alilia.

Halafu vita vikafika mlimani. Asubuhi moja risasi zililia karibu, jirani akamwaga viazi vyote barabarani ili apakie watu. Kaka alitangulia kwenye quai yake. Ndipo tukaona: kamyo tupu inasimama juu kuliko quai. Yeye siku zote aliipima ikiwa imejaa viazi.

Tate alisukumwa juu, mimi nikashikwa mkono ili nivutwe.

"Panda kwanza," kaka aliniambia. "Ngoja bantu bajae, itashuka yenyewe."

Kweli ilishuka. Kila familia ilipoingia, kamyo ilishuka kidogo, na mimi niliona ubao wa kamyo ukikaribia miguu yake, mpaka ukawa sawa kabisa. Wakati huo hapakuwa tena na nafasi hata ya kuku. Kamyo ikaondoka.

Mimi ninaona aibu mbele ya watu hata leo, darasani sijibu. Siku ile nilibanwa kati ya wanaume nisiowajua, na sikupiga kelele. Nilifungua kinywa tu. Tate alikuwa mbele kabisa, haoni.

"Kaka yako iko?" aliuliza.

Nikasema, "Iko nyuma."

Wengine wanasema waliobaki walitembea kuelekea Walikale, mu pori, mpaka Itebero. Kwa mguu gani? Kila anayefika hapa toka kule tunamuuliza, hakuna aliyemuona. Ule mlima hauna tena watu wetu, hauna shamba, hauna utani wa jirani. Udongo tuliokanyaga, mvua imeshaubeba, najua.

Tate hajaniuliza hata siku moja kwa nini sikuita. Jibu langu ni baya, lakini natamani aniulize.