Uji wa Chama Kilichobadilishwa Jina

Agatha anaogopa maji. Si ya mtungini, hayo anakunywa kama watu wote. Anaogopa yale ya mto Mkondoa, yanapojaza kifua na kuanza kutembea mjini bila kualikwa. Mwaka ule yalipotuingilia hapa bondeni Kilosa, kwangu yalibisha hodi kwa adabu, nikasema ngojeni nijifunge kanga, hayakungoja. Yalikuja na kambare mkubwa kama mlango. Akapanda kitandani, akalala upande wa ukutani, pale pale alipokuwa akilala marehemu mume wangu. Nikamwacha. Kambare hakoromi, na hapo alimshinda marehemu.

Kwa Agatha maji hayakuleta mzaha. Alisimama juu ya tuta la reli, mwanawe mgongoni, akaiangalia nyumba yake ikienda ukuta kwa ukuta kama mkate unaochovywa kwenye chai. Tangu siku hiyo, mvua ikinyesha hata milimani huko, analala na viatu.

Kazi yake ni kushona magunia. Mahindi yakishajazwa sokoni, au kule Chanzuru wakati wa mavuno, yeye ndiye anayefunga mdomo wa gunia kwa sindano ndefu na kamba ya katani. Babu yake aliletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge, baba yake akafanya kazi reli, na yeye katika urithi wote huo kaambulia kamba. Huwa namwambia hivyo usoni, kwa kuwa kabila lake na langu ni watani. Naye hunijibu kwamba sisi wenyeji tulirithi mto, na mto wenyewe hauna adabu.

Kila msimu alikuwa akipeleka chochote alichopata kwenye chama cha akiba na mikopo, ile saccos ya karibu na stesheni. Alikuwa anajiwekea ajenge juu mlimani, mahali ambapo Mkondoa ikitaka kufika itabidi ikodi bodaboda. Kiwanja alikuwa nacho. Msingi wa mawe alishauweka. Mwaka huu ndio alikuwa atoe akiba yake anunue tofali na bati, apandishe kuta kabla ya masika.

Asubuhi moja tunapita pale tukawakuta mafundi juu ya ngazi wanashusha kibao. Kibao chenyewe kilikuwa cha kijani, kimechorwa jembe na hindi lenye meno kama ya mkwe wangu. Walikuwa wanapandisha kingine cha zambarau. Hakina jembe, hakina hindi. Kina duara lenye mkia. Nikasema nimemfahamu huyu, ni yule kambare wangu kajikunja.

Agatha hakucheka. Akamwita Letisia, keshia wa chama, aliyekuwa kasimama mlangoni na fulana mpya ya zambarau.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mama Filipo."

"Marahaba. Kuna nini hapa?"

"Tumebadilisha jina, mama. Sasa chama kinaitwa Upeo. Si unajua tumefungua ofisi Mikumi? Wanachama wa kule ni wenye gesti na maduka ya barabarani, jina la zamani lilikuwa la kina babu zenu wa mashambani, haliwahusu. Tulipitisha kwenye mkutano."

"Mkutano mimi nilikuwa Chanzuru," Agatha akasema. Kisha akauliza polepole, "Kwani kinaumwa nini?"

"Nani anaumwa?"

"Chama."

Letisia akacheka, akadhani mama anatania. Mimi niliyekuwa nimemshika Agatha mkono niliusikia umekuwa wa baridi kama samaki.

Yakupasa ujue jambo hili. Katika ukoo wetu, hakuna anayebadilishwa jina akiwa mzima. Mtoto akiugua, dawa isimshike, akilia akikaukiwa, shangazi yake humwaga unga kizingitini, akampa jina lingine, kifo kikija kumwita kisimkute. Jina la kwanza halitajwi tena. Na nyumba ile haitolewi kitu. Si chumvi, si kaa la moto la kuazima. Ukitoa kitu, unamtoa mtoto. Hivyo hivyo mpaka mgonjwa ale.

Filipo, mwana wa Agatha, tulimfanyia. Baada ya mafuriko aliugua akabaki macho tu. Agatha hakuwa na wifi huku, basi mimi nikasimama shangazi. Jina lake la kwanza nalijua na sitalitaja hadi niingie kaburini, na la chama pia ndiyo maana hujalisikia kwangu. Leo Filipo anaendesha bodaboda Mikumi, ana shingo kama ya nyati.

Kwa hiyo alipoona kile kibao, Agatha hakuona rangi. Alimwona mtoto mgonjwa.

Na hakuwa peke yake. Mtaa wetu wote umekulia mila hiyo. Jua halijapanda, sokoni wanasema chama kiko mahututi. Kesho yake foleni ya kutoa akiba ilitoka dirishani pa Letisia ikavuka barabara. Wengine hata hawakujua habari za unga na kizingiti, wao waliona watu wanakimbia wakakimbia. Filipo akapiga simu.

"Mama, toa. Huku Mikumi watu wamepanga mstari. Wanasema hao wenye jina jipya ni watu wengine kabisa, watakuja kusema hawawajui."

"Nikitoa nitakiua, mwanangu."

"Kuua nini? Mama, masika hayo yanakuja. Unataka kulala wapi?"

Hapo ndipo alipobanwa. Akitoa, chama kinakufa mikononi mwake, na akiba za mtaa mzima zinakufa nacho. Asipotoa, kikafa chenyewe, nyumba ya mlimani inabaki mawe, na yeye anabaki chini akisubiri mto. Kila asubuhi alikwenda kusimama kwenye foleni, na kila akikaribia dirisha aligeuka akarudi nyumbani. Nami nilikuwa naogopa, nisijifanye shujaa. Fedha ya sanda yangu imo humo. Bila sanda siwezi kufa, ni aibu.

Mambo yakazidi. Meneja wao, kijana anayeitwa Lusekelo, akatoka akasema kwa sauti ya kukwaruza kwamba fedha zipo, ila kila mtu atapewa kidogo kidogo. Neno "zipo" likawatisha watu kuliko angenyamaza. Letisia hakucheka tena. Na juu ya milima wingu lilikuwa limekaa, jeusi, halina haraka.

Jioni Agatha akaja kwangu, akakaa kwenye kinu.

"Mtani, Filipo alipougua, aliomba chakula mwenyewe?"

"Hakuomba," nikasema. "Ungengoja aombe ungemzika. Ulichovya kidole kwenye uji, ukamlambisha."

Akakitazama kile kidole muda mrefu. Akaondoka bila kuaga.

Asubuhi nikamkuta ofisini. Alikuwa ametoka kushona magunia ya mfanyabiashara mmoja, Vitalis, na ujira wake ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga. Vitalis mwenyewe alikuwa mbele kwenye foleni. Agatha akapita pembeni, watu wakaanza kunung'unika.

"Mama, foleni."

"Foleni ni ya kutoa," akasema. "Mimi nimekuja kuweka."

Letisia akainua macho. "Kuweka?"

"Kuweka. Pokea."

Vitalis akaangua kicheko. "Jamani, mshona magunia kashonwa akili. Nyumba inaungua, watu wanatoka na magodoro, yeye anaingiza kiti."

"Wewe Vitalis," nikamwambia, "magodoro yenyewe mkitoka nayo wote mlangoni kwa pamoja hakuna atakayetoka. Mpishe."

"Bibi naye ana lake."

Agatha alifungua fundo kwa meno, akasukuma noti zile chini ya dirisha. Akasema kwa sauti ndogo, si kwa Letisia, kwa ukuta ule wa zambarau: "Mgonjwa hanyang'anywi uji. Kula."

Akatoka nje akatapika.

Usidhani foleni ilitawanyika. Vitalis alichukua fungu lake akaenda zake. Lakini wanawake wa mtaani kwetu walilisikia lile neno, wakatazamana. Mmoja akajifanya amesahau jiko, akaondoka. Mwingine akasema atarudi mwezi ujao. Kesho yake mstari haukuvuka barabara. Wiki ikapita, wakabaki watu wachache tu kivulini, na siku moja nikamwona Vitalis huyo huyo anarudisha fedha zake, kofia kaivuta usoni kama mwizi wa kuku.

Agatha alingoja. Nilimwambia mtoto keshakula, nenda kachukue chako, akasema bado, hajatoka jasho la kupona. Wingu likashuka. Alipokubali kwenda, tulikwenda wote, na pale dirishani alinishika mkono mpaka pete ikaniumiza. Letisia akampa yote. Agatha hakushukuru, hakutabasamu, alikimbia moja kwa moja dukani kwa bati kama anafukuzwa.

Lakini alikuwa amechelewa. Kabla ya masika alipata chumba kimoja tu chenye paa, vingine vimesimama kuta kiunoni. Mvua ilipoanza nilipanda kwake na kinu changu kichwani. Kutoka pale mlangoni tuliuona mto ukigeuka rangi, ukipanda ngazi za watu.

"Kambare wako atakukosa," akaniambia.

"Nimemwachia ufunguo."

Mvua iligonga bati kwa ngumi. Kisha akauliza, "Kinaitwa nani vile?"

"Upeo."

Akalitamka taratibu, mara moja, kama mtu anayeita mtoto kuona kama atageuka. Akakaa kitandani, akavua kiatu kimoja, akakiweka chini karibu na mguu.

Kingine alilala nacho.